Nyoka wa Maji Aliyetaka Kurudi Baharini

Kwetu Umbeere samaki hakuwa chakula. Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine mtasema mzee huyu na mke wake walikuwa wajinga, na hatukuwa wajinga, tulikuwa watu wa hapa tu. Mtoto akijulikana amekula samaki, nyanya yake alimsugua ulimi na majivu, akimwambia amekula ndugu ya nyoka. Basi mto Tana ulipita hapa Kiambere umejaa samaki, na sisi kando yake tumejaa njaa, tunakula mawele na ndengu, na mwaka mvua ikikataa tunakula jina la mawele.

Sasa yule ndugu ya nyoka hasa, ndiye ninayetaka kumsimulia. Ni mrefu, ana mwili wa kuteleza, mgongo wa rangi ya tope, na ukimshika anakutoka mkononi kama sabuni. Sisi tulimwita nyoka wa maji. Kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa mkunga, na ni samaki, hana sumu. Mama zetu wakivuka mto pale kwenye mawe, wakimwona anapita karibu na miguu yao walisimama wakangoja apite. Hakuna aliyempiga. Nyoka aliyekujia bila ubaya hapigwi. Hata nyumbani, nyoka akiingia bomani polepole bila kuinua kichwa, wazee hawakukimbilia rungu. Mwanamke mkubwa wa boma alichukua maziwa, akamwaga kidogo mbele yake, akamwambia kwa heshima: kunywa, uende zako salama. Ilisemekana ni mtu wa zamani amekuja kuona watoto wanaendeleaje. Halafu kanisa likaja, tukabatizwa. Mke wangu ni wa kikundi cha akina mama, ana kitambaa cha kichwa na ndiye huanzisha nyimbo. Mambo ya maziwa na nyoka tuliyaacha. Nilidhani tumeyaacha.

Mimi shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa niende na mbuzi. Sisikitiki sana. Mbuzi walinifundisha kungoja, na maisha yangu mengi yamekuwa ya kungoja. Ukuta wa bwawa ulipojengwa nilikuwa kijana mwenye mabega, nikapata kibarua cha kubeba kokoto. Nilioa kwa mabega hayo. Mke wangu husema alipenda mgongo kwanza, sura akaizoea baadaye. Tulifurahi sana siku maji yalipoanza kujaa nyuma ya ukuta. Kumbe ardhi inaweza kumeza mto na kuuficha hivyo! Hakuna mmoja wetu aliyeuliza nyoka wa maji atapita wapi. Ungeuliza ungechekwa. Ni kama kumuuliza mtu anayejenga nyumba, je, mchwa mmewapa habari?

Stima ikatengenezwa hapo, ikapanda nyaya, ikapita juu ya vichwa vyetu ikienda kwa wenye kuihitaji. Lakini hiyo ni hadithi nyingine na nimeisimulia mpaka watu wamechoka.

Miaka ikaenda. Watoto wangu wakakua wakaondoka, mmoja yuko mtaa wa Majimbo hapo Embu mjini, anafanya kazi za ofisini, ananiletea miwani ambayo haionyeshi kitu. Nikazeeka. Ndipo akaja yule tuliyemwita mwalimu.

Si mwalimu wa shule yetu. Alikuwa msichana mkubwa, anafundisha huko chuo kikuu, kazi yake ni samaki. Kwao ni Meru, juu kabisa, kwenye majani chai na baridi. Alikuja na watu wake wakafunga kitu chini ya ukuta, pembeni, mahali maji yanapochuruzika juu ya mwamba. Kilikuwa mbao ndefu zilizoinama, zimejaa brashi ngumu kama za kusugulia sakafu, na maji kidogo yanapita humo. Juu ya mbao, ndoo yenye mfuniko. Akatafuta mtu wa kukaa hapo, akaelekezwa kwangu.

"Guka," akaniambia, yaani babu, "kazi hii inataka mtu wa kukaa kimya. Utaweza?"

Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Hawezi!"

Mwalimu akacheka. "Cucu," akamwita, yaani nyanya, "basi nichukue wewe."

"Mimi nina kazi. Mchukue huyo huyo, akae na samaki, labda wao watamsikiliza."

Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa matusi. Mwalimu akanieleza habari za mkunga na mimi nikamkatalia nusu yake. Alisema huyu hazaliwi hapa. Anazaliwa baharini, mbali na ufuo, akiwa mdogo kama uzi. Anaingia mdomo wa Tana, anapanda mto, anapita Garissa, anakuja mpaka kwetu na zamani alifika hata vijito vya chini ya Mlima Kenya.

"Kutoka baharini? Na hana miguu?" nikasema. "Mwalimu, hata basi la abiria linapumzika njiani."

"Naye hupumzika, guka. Halafu anaendelea."

Akasema mtoto wa mkunga anaweza kupanda jiwe lenye unyevu kwa tumbo lake, lakini ukuta kama ule wetu hawezi. Ndiyo maana ya zile brashi. Anajipenyeza humo, anapanda, anaanguka ndani ya ndoo, na mimi nambeba ng'ambo ya ukuta nimwachilie. Akishakaa huko juu miaka mingi akakomaa, tumbo linakuwa jeupe kama fedha, macho yanakua makubwa, na mvua ikinyesha anaanza kurudi baharini kuzaa. Anazaa mara moja tu, huko huko, kisha anakufa. Asipofika, hazai. Hapo nilimwamini, kwa sababu jambo la uongo halikosi kuwa na raha mahali fulani, na hili halikuwa na raha mahali popote.

Msimu wa kwanza walikuja. Si wengi, lakini walikuja, vitu vyembamba kama nyuzi za katani, vinang'ang'ania brashi. Sijui kama mmewahi kuona kitu kidogo hivyo kikiwa na nia kubwa hivyo. Niliwabeba kwenye ndoo, natembea kama mtu aliyebeba mayai, nikiwaachilia juu nawaambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mchungaji anaweza kusoma. Msimu uliofuata walipungua. Uliofuata tena, nilifungua mfuniko kila asubuhi nikaona majani na mende wa maji. Mwalimu alikuja, anaangalia ndoo, anaangalia mto. Wakati mwingine maji yalifunguliwa mengi, wakati mwingine yakafungwa, mwamba ukakauka, wanaopanda wakabaki juani. Wakati mwingine hakukuwa na sababu. Alisema, "Guka, huenda hawaji tena kwa sababu hakuna wa kuwazaa." Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, na mke wangu asingeamini.

Kwa maana wale wakubwa wa juu nao walikuwa na shida yao. Kurudi chini hakuna njia ila ile maji yanayopitia kwenda kuzungusha mashine. Humo kuna mapanga ya chuma yanayozunguka. Mkunga ni mrefu, na kitu kirefu hakipiti katikati ya mapanga kikiwa kizima. Niliwahi kuokota vipande chini huko. Nilivizika, kwa jembe. Sikumwambia mtu.

Halafu mwalimu akaja siku moja bila kucheka. Waliokuwa wanatoa pesa za kazi yake walikuwa wamemwambia kuwa ndoo imekaa tupu muda mrefu, na hawawezi kulinda samaki ambaye hayupo. Wanataka kuona mmoja. Mkubwa, hai, anayeshuka. Mwalimu alikuwa na kidude kidogo kama punje ya haragwe, cha kushonewa tumboni mwa mkunga, na njiani mpaka baharini ameweka vifaa vya kusikiliza kinapopita. Akipatikana mmoja huku juu ya ukuta, ashonewe kile kidude, abebwe kwa gari aachiliwe chini, na asikike akifika pwani, basi kazi itaendelea, na wengine watajengewa njia. Asipopatikana kabla mvua hizi hazijaisha, brashi zitang'olewa.

"Mmoja tu, guka."

"Tutampata," nikasema. Mzee akikosa cha kusema husema hivyo.

Nikawaambia wavuvi wa bwawani. Wengi wao si wa hapa, walitoka upande wa ziwa kubwa huko magharibi, zamani bwawa lilipojaa, na ndio waliotufundisha kula samaki wao wa ngege. Mmoja ni jirani yangu, mtu wa utani mwingi. Nikamweleza: akiona mkunga mwenye tumbo jeupe na macho makubwa, asimuue.

"Nimtunze?" akaniuliza. "Mzee wangu, nyinyi watu wa mbuzi mna mambo. Jana samaki alikuwa mdudu, leo ni bibi harusi."

"Ukimuua utaniona."

"Nakuona kila siku, wala haijanisaidia."

Lakini ndiye aliyemleta. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kupiga huko mlimani, kwetu bado vumbi. Asubuhi moja nasikia anaita kutoka njiani, anakuja na mtungi mkubwa wa plastiki aliokata mdomo, anatembea akiegemea upande mmoja kwa uzito. Alipoutua hakutania. Akasema tu, "Angalia."

Nimeishi kando ya mto huu tangu kuzaliwa na sijaona mnyama kama yule. Mnene kama paja la mtoto. Amejikunja mara kadhaa humo, tumbo linang'aa, na macho, mwenzangu, macho kama ya mtu anayekumbuka jambo. Baadaye mwalimu aliniambia kuwa wa hivyo huweza kukaa miaka mingi sana akikosa njia, hakomi kusubiri, na kwamba yule huenda alipanda mto huu kabla ukuta haujafungwa. Yaani nilikuwa nabeba kokoto, naye yuko hapo chini ya miguu yangu anapita kwenda juu. Kisha miaka yote hiyo mimi nimezaa, nimejenga, nimezika wazazi, na yeye anangoja mlango.

Tukamtia kwenye pipa la plastiki bluu tunalowekea maji ya mvua, chini ya kivuli cha ukuta wa jiko. Nikateka maji mapya mtoni. Jirani akamfunika na wavu asiruke. Nikapanda boda boda mpaka kilimani penye netiweki, nikampigia mwalimu. Alipiga kelele hata nikatoa simu sikioni.

"Guka, usimwachilie! Usimlishe! Mbadilishie maji tu, yasipate moto. Mimi natoka Embu sasa hivi!"

Nikarudi, nikabadilisha maji. Nikangoja. Nikabadilisha tena. Jua likasimama kichwani na mwalimu hakuja. Nikajua ni korongo. Mvua ya mlimani ikishuka, lile korongo la njiani linajaa kutoka kwenye ukavu mtupu, na gari haliwezi kufanya lolote ila kungoja. Ilinibidi nirudi kilimani nimpigie, nijue kama niendelee kungoja au nimbebe mwenyewe nimwage chini ya ukuta, hata bila haragwe. Nasema kweli, wazo hilo lilinijia. Lakini mwalimu alisema nisimwachilie, na kazi yake yote ilikuwa ndani ya pipa lile.

"Mama watoto," nikasema, "umuangalie huyu. Ukiona maji yanapata moto, ongeza."

"Nenda," akasema. Alikuwa ameinama juu ya wavu. "Amekula nini tangu aje?"

"Hajala. Mwalimu amesema asile."

"Safari ya mpaka Mombasa, na tumbo tupu?"

"Mama watoto."

"Nimesikia. Nenda."

Kilimani nilikaa sana. Simu ya mwalimu haikupatikana, ikapatikana, ikakatika. Mwishowe akasema maji ya korongo yanashuka, watavuka wakati wowote. Nikateremka nimefurahi. Njiani nilipanga hata maneno ya kumwambia yule mkunga tutakapomwaga mtoni, ya heshima kidogo. Nilipofika nikamkuta mke wangu ameketi kando ya pipa na kibuyu cha maziwa mapajani.

Maji ya pipa yalikuwa meupe.

Tulikuwa na mbuzi mmoja tu anayekamuliwa, na ukame ulikuwa umembana. Maziwa aliyotoa asubuhi yalikuwa ya chai yetu ya siku nzima. Mke wangu aliyamwaga yote. Si kijiko, si kidogo mbele yake kama zamani. Yote. Na kwa jua lile, maziwa ndani ya pipa, yalikuwa yameanza kuchacha na kufanya ngozi juu, na ndani ya ule weupe mkunga alikuwa anapandisha mdomo, anaushusha, anaupandisha.

"Anakunywa," mke wangu akasema. "Tazama, anakunywa vizuri."

Nilipindua pipa. Nikapiga kelele, nikamwita jirani, tukateka maji, tukamtia kwenye mtungi, tukamwagia maji matamu kichwani, kwenye matundu anayopumulia, tukambadilishia tena. Mkono wangu ulikuwa chini ya kidevu chake. Utelezi wake ulikuwa umekauka, ananata kama gundi. Alijikunja mara moja, kwa nguvu, akanizungusha kifundo cha mkono kama mtoto anayeshika kidole, kisha akaachia. Ile kuachia naijua. Niliijua kwa mama yangu.

Gari la mwalimu lilipofika lilikuwa na matope mpaka madirishani. Alishuka anakimbia na kisanduku chake, na akasimama kabla hajatufikia. Hakuuliza. Aliona pipa limelala, na ardhi imelowa nyeupe, na mbuzi wanalamba.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Ni mimi, binti yangu. Nilimpa maziwa."

Mwalimu akapiga magoti kando ya mtungi, akaweka kidole juu ya jicho la mkunga.

"Alikuwa na njaa," mke wangu akasema. "Hajala tangu aje kwangu. Mtu akitoka kwangu na njaa, nitamwambia nini Mungu?"

"Cucu, akianza safari ya kurudi hali tena," mwalimu akasema, sauti ndogo. "Tumbo lake linajifunga. Anakwenda na alichonacho."

"Mpaka baharini?"

"Mpaka baharini."

Mke wangu akaangalia kibuyu. "Basi hakuwa anakunywa."

Jirani yangu, mtu wa utani, aligeuka akaangalia mbuzi. Ndipo mwalimu akasema jambo lililonishinda mpaka leo. Alisema, "Nyanya yangu huko Meru, cucu, naye angempa." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa rahisi. Watu hutania kuwa Wameru wana hasira za karibu, na siku ile nilizingoja kama unavyongoja mvua, zikakataa kuja.

Jirani akauliza, kwa upole, kama nyama ile itapotea tu. Mke wangu akamwambia mgeni haliwi. Mwalimu akasema lazima ampeleke Embu, lakini kwanza alimpasua hapo hapo juu ya gunia, kuona. Ndani mote mlikuwa na mayai. Sikuwa najua mnyama anaweza kubeba kiasi kile: kutoka shingoni karibu mpaka mkiani, meupe, madogo kuliko mawele, yamepangwa kama kitambaa kilichokunjwa. Tuliyaangalia sisi wote wanne. Nikafikiria mbao zangu za brashi, na ndoo, na kila uzi wa katani ambao ungekuja kupanda. Mwalimu akayafunika. Akamtia kwenye sanduku la barafu akamfunga, akamuaga mke wangu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapanda gari.

Mvua za msimu ule ziliisha bila mwingine kupatikana. Wavuvi walitazama, nawashukuru, hata jirani alirusha nyavu mahali asipopata kitu. Hakuna. Watu wakaja kung'oa mbao zile, na mwalimu hakuja nao. Nasikia anafundisha tu sasa, darasani, kwa picha. Mke wangu anakunywa chai ya rangi. Sijamwambia aache wala aendelee. Kanisani bado anaanzisha nyimbo, lakini kibuyu kile kimening'inia jikoni, na maziwa anayakamulia kwenye sufuria, anawapa wajukuu wakija.

Ubao mmoja uliachwa, ulikuwa umevunjika. Niliubeba nyumbani, nikaufunga kwenye mti wa uzio, sikujua kwa nini. Mke wangu alikuja akaziangalia zile brashi, akapitisha kiganja.

"Walikuwa wanapanda hapa?"

"Hapa."

"Na sasa?"

Ningesema bado. Bado ni neno zuri, nimelitumia maisha yangu yote. Nikamwambia, "Hakuna."

Akaingia jikoni. Yule mbuzi wetu wa maziwa akaja pale kwenye ubao, akageuka, akaanza kujikuna mgongo kwenye brashi, taratibu, huku macho ameyafumba.